Ziko ngapi hasa filamu za yule mtu wa chupa?

Kilichotushangaza sisi watoto wa Majengo hakikuwa simba wala kifaru. Ilikuwa ile chupa. Rubani yuko angani na kindege chake, anamaliza soda, anafungua dirisha na kuitupa chupa nje. Kibanda kizima cha video kiliguna. Enzi hizo hapa Mombasa soda hupewi dukani mpaka uje na chupa tupu mkononi, na ukiivunja njiani ni heri uchelewe kurudi nyumbani. Chupa ilikuwa rehani. Pale kwenye benchi za mbao, chini ya mabati yanayochemka, shilingi mbili zimeshatoka na viazi vya karai vimo kwenye kipande cha gazeti, hakuna aliyehitaji kuelezwa mwendawazimu ni nani.

Filamu yenyewe ni The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980. Jina maana yake ni kwamba miungu imerukwa na akili, lakini mtaani iliitwa "ile ya chupa", na shujaa wake tukamwita Nikau. Jina lake la haki ni N!xau, na hiyo alama ya mshangao katikati si mapambo: ni sauti ya kidoko, ulimi unabanduka kwenye kaakaa. Sisi vidoko tunavitumia kuswaga punda. Yeye anavitumia kutaja jina lake.

Juzi nikaletewa kesi. Mpwa wangu wa kidato cha tatu kaja na simu: "Mjomba, hii namba tatu mbona ina maiti wa Kichina?" Nikamwambia aiweke chini ale kwanza. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na jioni barazani likawa zogo. Mmoja anasema filamu hizo ni mbili tu, nyingine ni za bandia. Wa pili anaapa ni tano, kaziona kwa macho yake. Wa tatu akaongeza ile ya mganga mzungu aliyevaa mifupa, hesabu ikafika sita. Na kila mtu ana kitu cha kushikilia, isipokuwa huyo wa mwisho.

Tummalize yeye kwanza. Mganga mzungu ni Leon Schuster, mchekeshaji wa Afrika Kusini, na filamu ni Mr. Bones ya 2001. Mwongozaji mwingine, hadithi nyingine. Imechanganywa na za Nikau kwa sababu wauza sidii walikuwa wakizibandika kwenye diski moja: vichekesho, pori, mzungu anayekimbizwa. Hiyo tuitoe.

Zinabaki tano. Ya 1980 na ya 1989 ni za mtu mmoja, Jamie Uys wa Afrika Kusini, ambaye aliziandika na kuziongoza mwenyewe. Tatu zinazofuata, za 1991, 1993 na 1994, ni za watengenezaji wa Hong Kong, na Uys hakutia mkono. Kilichovuka kutoka zile mbili kwenda zile tatu ni kitu kimoja tu: N!xau mwenyewe.

Linawezekanaje jambo hilo? Chukua mpishi wa biriani aliyehama hoteli. Hoteli inabaki na jina na viti vyake, lakini huwezi kumzuia mpishi asiende kupika ng'ambo ya pili ya barabara. Jina la filamu, hadithi na wahusika wana mwenyewe. Mwigizaji hana mwenyewe, akimaliza mkataba anasaini mwingine. Watu wa Hong Kong wakamsainisha N!xau, filamu yao ya kwanza wakaiita Crazy Safari, na kwa hilo neno "crazy" wakakonyeza jicho. Kule kwao filamu ya Uys ilikuwa imeuzwa kwa jina la Kichina lenye maana ya "Hata Mungu karukwa na akili", na ile ya 1993 wakaipa jina la "Hong Kong nayo imerukwa na akili". Mtazamaji akaelewa mwenyewe anachouziwa. Huku nje wauzaji hawakuwa na haja ya kukonyeza. Waliandika namba tatu juu ya kasha, yakaisha.

Ila mfano wangu wa biriani una kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini filamu hizi tano hazilingani hata kidogo. N!xau hakuwa mpishi. Alikuwa ile picha ya samaki iliyochorwa ukutani nje ya hoteli. Waliomchukua waliondoka na picha wakidhani wameondoka na jiko.

Jiko lenyewe ni hili. Filamu ya kwanza ina hadithi tatu zilizosukwa. Ya kwanza ni ya Xi, anayechezwa na N!xau: Msan wa Kalahari, wa jamii ya wawindaji wa jangwa hilo. Chupa imeangukia kwa watu wake, na wao wanaiona ni zawadi kutoka juu. Wanaipuliza inatoa muziki, wanalainishia ngozi, wanapondea mizizi. Kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kuwa navyo, na kasoro yake ni kuwa iko moja. Kwa mara ya kwanza watu wawili wanakitaka kitu kilekile saa ileile. Mtoto anampiga mwenziwe nayo kichwani. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye pasi moja ya makaa na dada wanne anaijua habari hii tangu utotoni. Xi anajaribu kuwarudishia miungu mali yao, anairusha juu, inamrudia. Mwishowe anaamua kuibeba mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko.

Hadithi ya pili ni ya Andrew Steyn, mtafiti wa kinyesi cha tembo ambaye akikaribia mwanamke anaangusha kila kilicho karibu naye, na Kate Thompson, aliyeacha kazi ya gazeti Johannesburg akaenda kufundisha shule ya kijijini Botswana. Humo ndimo mlimo na ile Land Rover isiyo na breki, ambayo dereva lazima aruke kuweka jiwe kabla haijamkimbia, na ambayo winchi yake yenyewe inaipandisha juu ya mti na kuiacha inaning'inia. Ya tatu ni ya waasi wanaoongozwa na mtu aitwaye Sam Boga. Wameshindwa kupindua serikali, wanakimbia, wanawateka watoto wa shule.

Vichekesho vya mwili vinafanya kazi kwa sababu Uys alijua ujanja wa zamani wa kamera. Sinema huonyeshwa picha 24 kwa sekunde. Ukinasa picha 16 tu kwa sekunde kisha ukazionyesha kwa mwendo wa 24, aliyetembea sekunde tatu ataonekana katembea mbili. Ndiyo maana watu kwenye filamu hii wanakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji. Filamu nyingi za bubu za vichekesho za mwanzo wa karne ya 20 zimejaa ujanja huo, na mtoto asiyejua neno la Kiingereza anaucheka bila msaada wa mtu.

Lakini chumvi ya chakula hiki si mwendo wa haraka. Ni sauti. Kuna msimuliaji, Paddy O'Byrne, anayezungumza kwa upole wa mtu anayetangaza kipindi cha wanyama, na upole huo anaugeuzia watu wa mjini. Hawa, anatueleza, hawakutaka kujirekebisha wafae mazingira yao. Walirekebisha mazingira, wakajenga barabara na mashine, mpaka maisha yakawa magumu kiasi kwamba lazima watoto wapelekwe shule miaka kumi na zaidi kujifunza namna ya kuishi mahali walipozaliwa. Hapo watazamaji wanaangua kicheko kwa sababu sisi ndio tuliowekwa kwenye chupa tukachunguzwa. Ndicho kichekesho bora katika filamu zote tano, na hakina hata mtu anayeanguka.

Sasa sauti hiyohiyo ina upande wa pili, na mimi nilichukua miaka mingi kuusikia. Kabla ya filamu ya chupa, mwaka 1974, Uys alitoa filamu ya wanyama, Animals Are Beautiful People, ile ambayo tembo na nyani wanakula matunda ya mng'ongo kisha wanaonekana wanapepesuka kama walevi. Msimuliaji pale pia ni O'Byrne. Yaani sauti iliyotuambia nyani anawaza nini ndiyo iliyokuja kutuambia Xi anawaza nini. Xi anazungumza, vidoko vinasikika, na juu yake inakuja sauti ya Kiingereza kutueleza maana. Mtu mzima ana lugha kamili mdomoni, na filamu inamfasiri kama inavyomfasiri tembo.

Pale Majengo tuliongeza ghorofa ya tatu. Kibanda chetu kilikuwa na jamaa wa maikrofoni, kabla hata jina la DJ Afro, mtafsiri maarufu wa filamu Kenya, halijajulikana, aliyekuwa akitafsiri kwa Kiswahili alipoelewa na kubuni alipokwama. N!xau chini, O'Byrne juu yake, jamaa wetu juu ya wote. Alipomfanya Xi adai chupa hiyo ni ya bibi yake wa Kwale, tulicheka hadi machozi. Si neno hata moja lililokuwa la N!xau.

Hadi hapa ni mambo ya ndani ya filamu. Ya nje yana uzito zaidi. Filamu hii ilitembea duniani kama filamu ya Botswana. Fedha, mwongozaji na mafundi walitoka Afrika Kusini, katika miaka ambayo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeisusia Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Jina la Botswana likawa pasi ya kusafiria. Ilivuma Japani, ikavuma Ufaransa, na ilipofika Marekani mwaka 1984 ikaja kuvuna kuliko filamu yoyote ya kigeni iliyokuwa imeonyeshwa huko hadi wakati huo. Sisi nasi tukalipa shilingi zetu mbili.

Na Wasan wa filamu, wasiojua hasira, wala mali, wala sheria? N!xau na wenzake walikuwa watu wa Tsumkwe, katika Namibia ya leo, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Afrika Kusini. Mwaka 1970 sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa imekatwa, wakabakishiwa eneo lililoitwa Bushmanland. Watu waliowinda sasa walikuwa wakipanga foleni ya unga, pombe ilikuwa imeingia, na jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiwaandika vijana wao kama wafuatiliaji nyayo katika vita dhidi ya SWAPO, wapiganaji wa uhuru wa Namibia. N!xau mwenyewe hakuokotwa porini kama matangazo yalivyotaka tuamini. Alikua akichunga mifugo Botswana, na kabla ya kuwa nyota alikuwa mpishi wa shule pale Tsumkwe. (Kumbe mpishi kweli. Naomba radhi kwa mfano wangu.)

Ukishajua hilo, rudi uitazame hadithi ya Sam Boga. Waasi weusi wanachorwa kama mabwege wanaocheza karata chini ya migomba, na anayewamaliza ni Msan mfuatiliaji nyayo aliyeajiriwa na mzungu, kwa vishale vya dawa ya usingizi. Nje ya skrini, wakati huohuo, nchi ileile, kulikuwa na wafuatiliaji nyayo wa Kisan na kulikuwa na waasi, na silaha hazikuwa za usingizi. Sidai Uys alikaa mezani akapanga propaganda. Nadhani alikuwa mtu wa kuchekesha aliyeuona ulimwengu kutoka alipokuwa amekaa, na kiti chake kilikuwa kizuri.

Kuna filamu nyingine ya mwaka huohuo wa 1980, ya John Marshall, iitwayo N!ai, the Story of a !Kung Woman. Ni ya mambo halisi, si ya kuchekesha. Ndani yake mwanamke aitwaye N!ai anasimulia maisha yake mwenyewe, na kuna mahali tunakiona kikosi cha Uys kikiwa kazini hapo hapo Tsumkwe, watu wakielekezwa wasimameje na warudie tena. Ukiziona mbili hizi siku moja, ile ya chupa haiwi tena ileile. Bado utacheka. Ila utacheka ukiangalia pembeni.

Sisi wa Pwani tungekuwa wa kwanza kushtuka, kwa sababu Xi wetu tunaye. Waata, ambao majirani wamezoea kuwaita Wasanye, walikuwa wawindaji wa tembo katika nchi kavu nyuma ya Malindi na Kilifi. Upinde wao ni mgumu hata kijana mwenye nguvu haupindi kwa mara ya kwanza, na sumu ya mishale wakiipata kwa Wagiriama, waliopika mti wa mchungu. Mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Tsavo, na uwindaji wa baba na babu ukawa ujangili. Katika msako wa 1956 na 1957 wanaume wao wengi walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wapate kuwinda kihalali, nao haukudumu. Kwenye filamu Xi anampiga mbuzi mshale, anashangaa mwenye mbuzi anavyokasirika, anapelekwa mahakamani, anafungwa miezi mitatu bila kujua kosa lake. Kibanda kizima tulicheka. Nyuma yangu, kwa jinsi Majengo ilivyokuwa na watu wa kila pembe ya Pwani, huenda alikaa mtu ambaye babu yake alisimama kwenye kizimba cha namna hiyo.

Hata vidoko si vya mbali kama tulivyodhani. Wadahalo, watu wachache walioko upande wa Lamu na mdomo wa Tana, wanavyo katika lugha yao mpaka leo. Ni safari ya basi ya siku moja kutoka hapa.

Ya pili, basi. Ilitoka 1989, jina lilelile na namba mbili ya Kirumi. N!xau sasa ni Xixo, na watoto wake wawili wamepanda lori la majangili bila kujua, lori likaondoka nao. Baba anafuata alama za magurudumu. Pembeni, mwanasheria wa kike kutoka New York anaanguka na kindege cha watu wawili pamoja na mtaalamu wa wanyama: ni Kate na Andrew waliobadilishwa majina na kazi. Pembeni zaidi, askari wa Kyuba na askari wa Angola wanatekana wao kwa wao, leo huyu ana bunduki, kesho yule.

Wengi wanaidharau. Mimi naipa heshima nusu. Watoto wale wawili ni hazina, hasa pale mdogo anapokutana na fisi na kuinua gome la mti juu ya kichwa ili aonekane mrefu, mkono ukichoka fisi anasogea, ukiinuka fisi anasita. Hakuna sauti inayohitaji kuniambia mtoto yule anawaza nini. Halafu kuna nyegere. Mtaalamu kamkanyaga, nyegere kamng'ata kiatu, na haachi. Jangwa zima linavukwa, nyegere yuko kiatuni. Nani Mswahili asiyemjua mnyama huyo kwa sifa? Mpwa wangu alisimamisha simu akacheka mpaka akapaliwa.

Kinachokosekana ni chupa. Baba anayetafuta wanawe anaeleweka na kila mtu, na ndiyo sababu hashangazi mtu. Ya kwanza ilikuwa na kitu kidogo cha kijinga kilichoyageuza maisha yetu nje ndani, tukayaona mishono yake. Ya pili inakimbiza, inafurahisha, inaturudisha nyumbani tukiwa tulivyokuwa. Msimuliaji yupo, ila hana la kutusema.

Sasa maiti wa Kichina. Crazy Safari, 1991. Maiti wa kale ananunuliwa mnadani, na mzao wake anamrudisha nyumbani kwa ndege akiwa na bwana mmoja fundi wa mambo hayo, anayechezwa na Lam Ching-ying. Maiti wa namna hii kwenye filamu za Hong Kong haozi. Anaruka kwa miguu miwili pamoja, mikono mbele, na anatulizwa kwa karatasi ya manjano yenye maandishi inayobandikwa kwenye paji la uso, hirizi kabisa. Ndege inaishiwa mafuta, maiti anaangukia kwa watu wa N!xau. Hebu angalia: kitu kimeanguka tena kutoka kwenye ndege. Mara hii kimeanguka na miguu.

Kama hadithi, ni takataka. Kama usiku wa kibandani, sijaona mfano wake. Kuna pambano ambalo roho ya Bruce Lee inampanda N!xau, na mwili wote unabadilika. Watoto wa Mombasa tuliokuwa tumemaliza kanda zote za Bruce Lee tulisimama juu ya benchi. Mzee wa mlangoni akazima umeme ili tukae. Na mtu aliyeiona kwa Kikantoni atakwambia jambo la ajabu: juu ya picha kuna wasimuliaji wawili, Stephen Chow na Ng Man-tat, wachekeshaji wakubwa wa Hong Kong, wanaopiga porojo na kusema kwa niaba ya kila mtu. Jamaa wetu wa maikrofoni alikuwa na ndugu zake Hong Kong na hakujua.

Nina udhaifu na filamu hii kwa sababu haidanganyi. Ya Uys ilijifanya inatuonyesha Wasan walivyo. Hii haijifanyi inaonyesha chochote kilichopo duniani.

Ya 1993, Crazy Hong Kong, inamwangusha N!xau katikati ya jiji, pamoja na mwigizaji Carina Lau. Kichekesho kinakuwa cha upande mmoja, mtu wa pori kushangaa mji, na hicho hata Uys alikikwepa: kwake aliyeshangaza ni mtu wa mji. Ya 1994 inampeleka China bara. Hiyo nimeitazama nusu. Nilipoona naanza kuhesabu tiles za ukutani nikaizima.

Kwa hiyo barazani nilijibu hivi. Ukiuliza mwenye jina, ni mbili. Ukiuliza mwenye sura, ni tano. Wauza sidii waulizwe na polisi.

Kuhusu mwenye sura. N!xau alizaliwa karibu na mwaka 1944, tarehe haikuandikwa. Malipo yake ya mwanzo kwa filamu ile iliyozoa mamilioni yalikuwa dola mia chache, na kuna kisa kilichozungushwa sana magazetini kuwa noti hizo zilipeperushwa na upepo kwa vile hakujua kazi yake. Kisa kitamu, kinaingia vizuri ndani ya filamu. Lakini mpishi wa shule anayepokea mshahara kila mwezi anajua noti ni nini. Kwa filamu ya pili aliomba fedha nyingi zaidi, akazipata, na akajengea familia yake nyumba ya matofali yenye maji na umeme. Alinunua gari, na kwa kuwa hakuwa akiendesha akaajiri dereva. Kule Japani, ambako alitembea akashangiliwa, jina la filamu lilikuja kubadilishwa kwa sababu neno la awali la kuwaita Wasan lilionekana ni la kudharau. Baada ya Hong Kong na China alirudi Tsumkwe akalima mahindi na maboga. Uys alifariki 1996. N!xau alifariki Julai 2003, kwa kifua kikuu.

Mpwa wangu hakutaka habari za makaburi. Alitaka kuona mwisho wa ile ya kwanza, kwa sababu toleo alilokuwa nalo lilikuwa limekatwa. Tukaitafuta nzima, isiyo na DJ. Xi anafika kwenye ukingo wa mlima, ukungu umelala chini kama bahari, hakuna kinachoonekana mbele, na kwa kweli ukisimama hapo utasema dunia imeishia. Mahali hapo panaitwa God's Window, mashariki mwa Afrika Kusini, na watalii wanapanga foleni kupigwa picha. Anaitupa chupa. Anarudi kwa watoto wake.

"Rudisha nyuma," nikamwambia.

Akarudisha mpaka kwenye sehemu moja ambayo O'Byrne amenyamaza na N!xau anazungumza na mtu wake, sentensi moja ndefu, vidoko viwili au vitatu ndani yake. Tukaisikiliza. Akairudisha tena, safari hii simu kaiweka sikioni.

"Amesema nini?"

"Mtafsiri amenyamaza," nikamwambia.

"Kwani nimemuuliza mtafsiri?"